Kura Nilizozipotezea Mnadani

Kinyangiri, siku moja kabla ya safari yako

Elipendo mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga na hutarudi mpaka jua lizame, lakini naanza na marahaba kwa sababu ziko nyingi nilizokunyima, na huko mbele nitazifikia.

Habari ya chandarua, dawa ya tumbo na namba za simu za watu wa Itigi siandiki. Mama yako amekwisha kuyasema hayo mara tatu, na kesho dirishani kwenye gari atayasema mara ya nne. Mimi uliniachia kazi moja tu. Ulinipa hotuba yako ya kampeni, kurasa nne, ukasema, "Baba, isome, uikosoe bila huruma." Haya, nimeisoma mara mbili kwa miwani hii iliyofungwa uzi. Nimesahihisha herufi tatu. Halafu nikakwama kwenye mstari mmoja, na kwa ajili ya huo mstari vitunguu leo havijamwagiwa maji.

Kwanza nikusifu, maana sifa zangu huwa zinachelewa njiani. Hotuba imesimama. Hicho chama chenu kidogo, ambacho vijiweni hapa wanakiita "chama cha waacheni", umekieleza vizuri kuliko wanavyokieleza wakubwa wake redioni. Mkulima auze choroko zake kwa anayemtaka, wala asipangiwe ghala. Mwenye kuku asiombe kibali cha kusafirisha kuku wake. Asiyemdhuru mwenzake, serikali imwache aishi. Nimeisoma nikatikisa kichwa nikasema, huyu kweli ni mtoto wangu.

Kisha nikafika ukurasa wa pili, unaoanza, "Mimi kama muumini mwenzenu, ninayepiga magoti kila asubuhi." Hapo nikavua miwani.

Sikuulizi kama unapiga magoti. Sina haki ya kuuliza, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini. Kama ni kweli, Mungu asifiwe, mama yako atapiga vigelegele mpaka Nduguti wasikie. Lakini kama umeuandika kwa sababu kuanzia Itigi mpaka Rungwa wapiga kura ni watu wa kanisa na msikiti, na mtu amekwambia bila maneno hayo hawatakupa sikio, basi mstari huo nakuomba uutazame tena. Ninaujua ulikotoka. Nilikufundisha mimi ulipokuwa na miaka kumi na tano, na tangu asubuhi nina hofu moja tu, kwamba kesho unaondoka na kosa langu ukidhani ni busara.

Unakumbuka siasa zangu zilivyoanza? Hazikuanzia kwenye kitabu. Zilianzia kwenye tenga la kuku. Nilikuwa nakusanya kuku wa kienyeji vijijini huku na kuwapeleka Dodoma juu ya basi. Siku hiyo tukasimamishwa kwenye geti la ushuru. Kibali ninacho, ushuru nimelipa, kilichokosekana ni muhuri, na mwenye muhuri amekwenda kula. Basi likaondoka likaniacha. Nikakaa pale barabarani na matenga manne, jua la mwezi wa kumi unalijua, nikiwasikia kuku wangu wakinyamaza mmoja mmoja. Bwana muhuri akarudi akichokonoa meno. Akagonga. Akanitakia safari njema! Nikarudi nyumbani na matenga ya mizoga, na njia nzima nilikuwa najiuliza swali moja, hivi huyu bwana alikuwa ananilinda na nini?

Ndivyo nilivyoingia kwenye siasa za kumwachia mtu. Na mwaka ulipofika nikachukua fomu ya udiwani kupitia chama ambacho hata bendera yake tuliishona hapa nyumbani.

Wote walioona mbali kuliko mimi waliniambia nitaangushwa na watu wa dini. "Wale wanataka sheria," walisema. "Wanataka vilabu vifungwe, muziki uzimwe, sketi zipimwe. Ukiwaambia uhuru, watasikia ulevi." Nikaamini. Nikaenda kwenye mkutano wangu wa kwanza, uwanja wa shule, nimekariri mistari ya Biblia na ya Kurani kama mwanafunzi wa sekondari. Wakristo nimewawekea yao, Waislamu nimewawekea yao.

Sikufika mbali. Bibi Raheli alinyoosha mkono. Unamjua, yule mjane wa kule bondeni, hajawahi kuonja pombe maisha yake yote na hajawahi kukosa ibada isipokuwa siku alizojifungua. Akauliza kwa Kinyiramba, mbele ya watu wote, kama nikiwa diwani nitawaacha wanawake wapike pombe ya mtama au nitaleta mgambo wavunje mitungi. Nikajua nimekwisha. Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba nitawaacha.

Halafu akasema mume wake alikufa kwa pombe, kila mtu anajua. Mgambo walikuja mara nyingi wakavunja mitungi, na kila walipovunja, mume wake alitembea mbali zaidi kuifuata na kurudi amechelewa zaidi. Akasema, "Mimi siinywi kwa sababu nilimwahidi Mungu. Mgambo akinizuia, Mungu atajuaje kama ilikuwa ahadi yangu?" Kisha akajifunga khanga vizuri akakaa, kana kwamba ameuliza bei ya chumvi.

Baada yake akasimama Mzee Ramadhani, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Akasema yeye amefunga Ramadhani tangu mtoto, na kama ingekuja amri kwamba asiyefunga afungwe, kwake yeye ibada imekufa siku hiyo. "Swaumu ya kulazimishwa," alisema, "ni njaa tu." Watu wakacheka, lakini wakiitikia kwa vichwa.

Elipendo, mwili ulinisisimka. Mimi nilidhani nawapelekea kitu kipya, nikakuta wanaishi nacho tangu kwa babu zao. Zaka wanatoa bila kuona askari. Wanaamka alfajiri bila kusukumwa. Wanasamehe watu ambao hakuna mahakama ingewalazimisha kuwasamehe. Hawa ndio nilioambiwa hawaelewi uhuru! Mistari yangu nikaiacha mfukoni. Nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mama yako kwamba nimeona jambo kubwa kama mlima, na sitanii.

Toka hapo mikutano ikajaa. Hata wale waliokuwa wananiita Bwana Kuku wakaanza kuniita mheshimiwa kabla ya wakati. Nikavimba kichwa. Na mtu akivimba kichwa hasikii hata maneno yake mwenyewe.

Ndipo tukafika kwenye kipaimara chako.

Ulinifuata bandani nikiwa nahesabu mayai. Ulisema, "Baba, mimi siwezi kusimama nikasema naamini. Bado sijui kama ni kweli. Nisubiri mwakani?" Ulisema kwa adabu, mikono nyuma. Hukugoma wala hukutukana dini ya mtu. Uliomba muda tu. Na mimi, mgombea wa uhuru, niliyekuwa nimetoka kuhutubia jana yake kwamba mtu asilazimishwe, nilikwambia hivi, na nayaandika kama nilivyoyasema: "Uchaguzi ni mwezi ujao. Mtoto wa mgombea hakosi kipaimara. Wewe sema ndiyo tu, ya moyoni utajua mwenyewe."

Sema ndiyo tu. Ndiyo maana nasema huo mstari wa ukurasa wa pili naujua ulikotoka.

Jumapili ile mama yako alikuwa ameshona gauni jeupe, na kola yake alikuwa ameifumua mara mbili kwa sababu haikulala vizuri. Mlisimama watoto kumi na moja mbele ya madhabahu. Mchungaji akaeleza, kama kila mwaka, kwamba kwenye ubatizo wazazi walijibu kwa niaba yenu, na leo kila mmoja anajijibia mwenyewe. Akaanza kuuliza, jina kwa jina. Ndiyo, kwa msaada wa Mungu. Ndiyo, kwa msaada wa Mungu. Wa saba ulikuwa wewe.

Ulinyamaza.

Akauliza tena, taratibu. Ukamtazama usoni, hukuinama, hukulia, ukanyamaza. Nilikuwa benchi la pili, suti yangu ya kampeni mwilini, natoka jasho mpaka kwenye viatu. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Nikataka kunyanyuka nikujibie. Nakwambia kweli, nilishanyanyua kisigino.

Na mchungaji akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nastaajabu. "Swali nimeliuliza. Jibu ni la kwake, hata akikaa nalo miaka. Kaa, mwanangu. Kiti chako hapa ni kilekile." Akakuonyesha benchi la mbele, ukaenda ukakaa, na akamuuliza wa nane. Hakuna aliyezomea. Kwaya ikaimba. Mama yako aliimba na machozi, sauti haikukatika.

Hebu fikiri kilichotokea pale. Mtoto wa miaka kumi na tano ameambiwa na baba yake adanganye, kanisa zima linamtazama, na hakuna hata neno moja la kumsaidia, akakataa kuweka kinywani kitu ambacho hakimo moyoni. Na lile kanisa nililoambiwa kwamba linapenda kulazimisha, likampisha. Mimi peke yangu mle ndani ndiye niliyekuwa nataka nguvu itumike. Niliona mambo makubwa mawili kwa wakati mmoja, na nikayaona kama aibu.

Baada ya ibada ukafuata mnada, unajua kwetu sadaka ya mavuno haiishi bila mnada. Maboga, debe la mtama, mayai, kila kitu kinashikwa juu na mzee wa kanisa, watu wanashindana kupandisha, anayeshinda mara nyingine anairudisha inanadiwa tena, ni furaha tupu. Mzee Ramadhani naye alikuwepo, hukosi kumwona mnadani, anasema kuku wa kanisani wana nyama tamu. Mimi nilikuwa nimeleta jogoo mwekundu, mkubwa, nimemwosha miguu. Jogoo wa mgombea! Nilishapiga picha kichwani jinsi watakavyompandisha.

Kabla hajanadiwa nikaomba dakika moja. Nikasema, "Ndugu zangu, mmeyaona ya leo. Naomba radhi kwa kanisa. Ni utoto. Nawaahidi nitamnyoosha, na mwakani atasimama palepale na atajibu, atake asitake." Nilisema kwa sauti ya jukwaani. Wewe ulikuwa umesimama hatua tano kutoka kwangu.

Mzee wa kanisa akanyanyua jogoo wangu. Akataja bei ya kuanzia. Kimya. Akashusha. Kimya. Akasema kwa utani, "Jamani, hata mchuzi?" Hakucheka mtu. Bibi Raheli alikuwa mstari wa mbele, anatazama chini. Mzee Ramadhani aligeuka akaanza kufunga mizigo kwenye baiskeli yake. Mwisho mzee wa kanisa akanitazama kwa huruma, na mimi nikanunua jogoo wangu mwenyewe nikambeba nyumbani kwapani, anawika njia nzima.

Kura nilizopata mwezi uliofuata, hata ndugu zetu hawakutimia humo. Na nilikuwa na jibu tayari: ni wewe. Watu wa dini wamechukizwa na mtoto asiyeamini. Kila asubuhi ulipita mlangoni kwenda shule ukasema, "Shikamoo baba," na mimi nikatazama ukuta. Siku moja, ya pili, wiki, mwezi, mpaka mvua zikaanza. Maneno yangu yote niliyapitisha kwa mama yako: mwambie mwanao afunge mlango, mwambie mwanao kuni zimekwisha. Na wewe hukuacha hata siku moja. Shikamoo baba. Kisha unasubiri kidogo, halafu unakwenda. Hujui nilivyokuwa nakisikia kile kimya kidogo cha kusubiri. Nilikuwa nakisikia vizuri sana, mwanangu, na nilikiacha kipite.

Ulipohamia Nduguti kwa shangazi yako kumalizia shule, nilisema ni karibu na maktaba. Sote tulijua si maktaba.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike haya. Msimu uliopita tulikwenda kumsaidia Bibi Raheli kupiga alizeti zake. Tukiwa tumepumzika nikamwambia, kama mzaha, kwamba ile Jumapili binti yangu alininyima udiwani. Yule bibi alinitazama kana kwamba nimetukana. Akasema, "Wewe baba Elipendo, hukuelewa mpaka leo? Yule mtoto alikupa kura. Mimi nilitoka kanisani nikasema, kumbe huyu bwana anayoyahubiri yapo nyumbani kwake, mtoto wake halazimishwi. Nilikuwa nimekwisha kukupigia kura moyoni. Na sikuwa peke yangu. Halafu ukasimama mnadani na mdomo wako." Akaokota fimbo yake akaendelea kupiga.

Miaka yote hiyo nimembebesha mtoto mzigo, na mzigo ni wangu. Watu wale walikuwa wamenisikiliza vizuri kuliko nilivyojisikiliza. Walichukua maneno yangu wakayapima kwenye nyumba yangu, na kwa nusu saa ile, tangu uliponyamaza mpaka nilipofungua kinywa, nilikuwa nimeshinda.

Kwa hiyo hotuba yako. Sikupi amri, nakueleza tu nilichokiona. Huko unakokwenda usidhani unawapelekea watu wa dini jambo wasilolijua. Watakuuliza maswali magumu, na ni haki yao: nani atamtunza yatima kama kila mtu ameachiwa lake, na mlevi anayepiga mkewe mtamwacha pia? Usikimbie. Anayepiga mkewe haachwi, huyo amemwingilia mwingine, sema hivyo waziwazi. La yatima, mimi mwenyewe jibu langu halijakamilika. Waulize wao, maana wamelea yatima wengi kuliko chama chochote. Pengine watakuonyesha mahali ambapo siasa zetu hazifiki. Ukubali. Wengine watakukatalia kabisa na watakuwa na sababu za watu wanaomcha Mungu kweli. Waheshimu.

Lakini usiwaazime Mungu wao ili upandie jukwaani. Wanamjua sana, wataona mara moja kwamba humjui wanavyomjua wao, na kama humjui, hilo si kosa. Ungeweza kusimama ukasema, "Mimi sijui bado, na kanisa la nyumbani kwetu liliniachia nisijue, na kiti changu kiliendelea kuwa changu." Sijasikia maneno ya siasa za kumwachia mtu yaliyo na nguvu kama hayo, na ni yako, yametokea kweli. Ukiona hayafai, yaache. Mstari wako sikuufuta, kalamu haikuugusa.

Mimi ni mwamini, unajua. Na kila ninavyozeeka jambo moja linanitetemesha zaidi: kwamba Mungu ninayemwomba ana uwezo wa kumlazimisha kila mtu chini ya jua, na halazimishi. Anauliza, na anakaa na kimya chetu. Mimi, mwuza kuku wa Kinyangiri, nilishindwa kukaa na kimya cha mtoto wangu kwa saa moja tu.

Nisamehe, Elipendo. Sijawahi kukuomba hivyo kwa mdomo, na kwa mdomo nitaomba, lakini nimetaka iandikwe pia, ili siku nikijisahau unionyeshe. Nisamehe kwa yale ya bandani, kwa yale ya mnadani, na kwa kila asubuhi niliyotazama ukuta. Usipoweza sasa, usiseme ndiyo kwa ajili yangu.

Kesho kabla ya kwenda stendi mama yako atataka tukuwekee mikono tukuombee, kama tulivyofanya kwa kaka zako, na nimekwisha kuongea naye. Safari zote nyingine nilikushika tu kichwa nikaanza. Kesho nitakuuliza kwanza. Ukisema ndiyo, tutaomba. Ukisema hapana, nitabeba begi lako, twende. Na ukinyamaza, mwanangu, mimi nitasimama hapo na wewe, hata gari lituache.

Baba yako